Mashine Iliyoomba Njia

Sijamaliza hata kupanga vitabu vyangu nyumbani tangu nistaafu, na tayari wenzangu mnaobaki mmenitumia ujumbe: Mwalimu, tuandikie ulivyokuwa ukifundisha mizunguko, maana wanafunzi wanakwama pale pale kila muhula. Ni kweli wanakwama pale. Kuandika `print` wanaandika wakicheka. `if` wanaielewa upesi, kwa kuwa tangu utotoni wameambiwa ukifanya hivi utapata vile. Ukifika kwenye `while`, ile ya kurudia maadamu sharti ni kweli, darasa linapoa kama chai iliyosahauliwa. Mimi somo hilo ndilo nililolipenda kuliko yote, na miaka yote niliyolifundisha sikulizoea. Bado linanishangaza. Kama mlitaka maelekezo makavu, kitabu kipo kabatini, rafu ya chini. Hapa nitaandika ninavyokumbuka.

Nilikuja Sydney kutoka Kasulu nikiwa mtu mzima tayari, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha biskuti Lidcombe. Nilisimama kando ya mkanda, nikitoa biskuti zilizovunjika. Mkanda ule haukuwa na habari na mimi. Nikipiga chafya, unaenda. Nikimkumbuka mama na macho yakajaa, unaenda. Pembeni kulikuwa na kitufe chekundu, na mafunzo yetu ya siku ya kwanza yote yalihusu kitufe hicho: kiko wapi, nani anaruhusiwa kukibonyeza, lini akibonyeze. Hakuna aliyetufundisha kuuwasha mkanda. Kuuwasha hakukuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa nikiutazama ukizunguka, nikajikuta nauliza kila aliyevaa shati la kola kama mkubwa wa kazi: ni nani anayeuambia uendelee? Fundi mmoja alichoka na maswali yangu, akaniambia kuna darasa la kompyuta siku za Jumamosi huko Mount Druitt, la bure, na chai ipo. Nadhani alitaka kunifukuza kwa adabu. Namshukuru hadi leo.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mzee wa hapa hapa Australia aitwaye Colin, aliyefanya kazi ya kuongoza ishara za treni hadi alipostaafu. Alikuwa mrefu, mwenye penseli sikioni, na alizungumza polepole kama mtu anayejua treni itafika tu. Siku yangu ya kwanza aliniketisha, akaniandikisha mistari miwili: `while True`, na chini yake amri ya kuandika salamu. Nikabonyeza. Salamu zikaanza kumwagika kwenye kioo, moja chini ya nyingine, haraka kuliko jicho. Nilingoja ziishe. Haziishi. Niligeuka kumtazama Colin, naye alikuwa amejifunga mikono, anatabasamu.

"How long will it go?" nikamuuliza, itaenda hadi lini.

"Till the power station packs it in," akajibu, yaani mpaka mtambo wa umeme uzimike.

Nilikuwa nimeandika maneno machache tu kwa vidole vinavyonuka sukari ya kiwandani, na nimeumba kitu kisichochoka. Kitu ambacho, kama hakuna atakayekizuia, kitanisalimia hata nikiwa kaburini. Nililia kidogo, nasema kweli. Colin alidhani nimeogopa, akanionyesha haraka Control na C, vidole viwili kwa pamoja, na kioo kikatulia. Ninyi vijana mnaibonyeza hiyo bila hata kutazama. Mimi kila nikiibonyeza huwa nasikia kama nimemshika mtu bega.

Zana zake zilikuwa penseli, vikombe vya plastiki na mfuko wa maharage. Kikombe kimoja, jina moja. Kama programu inasema `idadi` inaongezeka, unadondosha harage kwenye kikombe cha `idadi`, unarudi juu, unauliza sharti, unashuka tena. Hakuturuhusu kugusa kompyuta kabla ya kuzunguka kwa mkono. Wengine walichukia. Kijana mmoja mwenye digrii aliuliza kama ataandikiwa cheti cha maharage. Lakini mkiona leo mfuko wa maharage kwenye kabati la darasa, msiupike. Mtu aliyezunguka kwa mkono anajua ndani ya mwili wake kwamba mashine haijui inakoelekea. Inajua tu mstari wa sasa na mstari unaofuata. Colin alikuwa na sheria ya pili: kabla hujaandika mzunguko unaingiaje, andika utatokaje. Mlango kwanza, chumba baadaye. Alisema relini hakuna anayemsifu mtu kwa kuruhusu treni ianze.

Macho yake yalipodhoofika aliniachia darasa. Kupanda kwangu vyeo ni huko tu, na wala si kupanda, kwa sababu chumba kilikuwa kile kile na chai ilikuwa ile ile.

Wakati huo huo majirani zetu walikuwa wamebadilika. Wakongo kutoka mashariki na Warundi waliopitia kambi za kwetu Kigoma walikuwa wakihamia Mount Druitt, wakifanya kazi kwenye maghala na kwenye nyumba za wazee. Walisikia kuna Mtanzania anafundisha kompyuta, wakaja wakiniuliza kwa nini nafundisha kwa Kiingereza ilhali sote tunanunua unga duka moja. Jumamosi iliyofuata nikafundisha kwa Kiswahili, na kila mtu akakichanganya na cha kwake, tukaelewana vizuri kuliko mikutano mingi niliyohudhuria.

Wa kwanza kunifundisha namna ya kulifundisha somo hili alikuwa Papa Bahati, Mkongo wa Uvira, mtu wa ghala kwa siku sita na mwongoza kwaya siku ya saba. Nilimpa mistari miwili kama ile ya Colin. Akabadilisha salamu, akaandika Haleluya, akabonyeza. Haleluya zikaporomoka. Darasa zima likasimama nyuma ya kiti chake. Yeye akazitazama kwa furaha kwa muda, kisha akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, akaukunja ngumi hewani. Ndivyo anavyoikatisha kwaya yake. Huko kwao kiitikio hakina idadi. Wanarudia mpaka mwongozaji aone roho imetosha, ainue mkono, na watu wote wanyamaze kwa pamoja.

Mashine haikunyamaza. Akainua mkono tena, juu zaidi.

"Mwalimu," akasema, ameudhika kabisa, "iko inakatala kuona mkono!"

Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Lakini nilipokuwa nafuta machozi niliona kwamba nimepewa somo zima bure. Nikamwambia: waimbaji wako kila wanapomaliza mstari wanakutazama, sivyo? Ni kweli, akasema. Basi mashine hii hujaiambia itazame. Tukaongeza swali ndani ya mzunguko: je, mtu ameandika neno "mkono"? Kama ndiyo, `break`, yaani katiza, toka. Akazungusha, akaandika mkono, na kioo kikatulia katikati ya utukufu. Papa Bahati alivua kofia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ametumia miaka kuifundisha kwaya jambo ambalo mashine hii imelijifunza kwa mstari mmoja. Tangu hapo sikuwahi kufundisha `break` bila kumwomba mtu ainue mkono.

Mengine nitayapitia haraka, mnayajua. `for` ni ya kazi ambayo unajua mwisho wake unapoanza, kama kufunga masanduku yaliyopangwa kwenye meza. `while` ni ya kazi ambayo mwisho wake unaujua ukifika tu, kama kungoja ugali uive. `continue` si kutoka. Ni kuuacha mzunguko huu ulivyo na kurudi juu kuanza mwingine, na wanafunzi wote wataichanganya na `break`, na mtawasahihisha mpaka mkauke koo. Ukisahau kuongeza harage kwenye kikombe, sharti halibadiliki na hutatoka kamwe. Hili la mwisho huwatokea hata walimu, hasa mbele ya wageni.

Sasa nifike kwa Goreth, kwa sababu ndiye hasa niliyekaa chini kumwandika.

Goreth, tuliyemwita Mama Divine kwa jina la binti yake, alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kasulu, umbali wa baiskeli kutoka kwetu. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Alikuwa mtulivu, na kazi zake zote zilikuwa safi, ila hakutumia `break` hata mara moja. Badala yake aliweka kikombe kilichoitwa `naendelea`, chenye ndiyo ndani yake, na alipotaka kutoka alikigeuza kuwa hapana, kisha akaiacha programu imalize mzunguko mpaka ifike juu na kuulizwa sharti. Ni njia halali. Lakini kwenye zoezi la kubahatisha namba, programu yake ilikuwa ikimwambia mchezaji "Umepata!" na papo hapo "Umekosa, jaribu tena," kwa sababu mistari ya chini ilikuwa bado inasomwa. Nikamwonyesha kwa maharage. Nikamwambia `break` ingemtoa pale pale.

"Naiona, Mwalimu," akasema. "Lakini mimi siipendi. Ni kama mtu anainuka katikati ya mazungumzo anaenda zake. Kwetu mtu huyo tunajiuliza, tumemkosea nini?"

Akanieleza jambo ambalo mimi Muha, jirani yao, nililijua nusu. Kwao mgeni hasemi naondoka. Anaomba njia. Anamwambia mwenyeji, nipe njia, na mwenyeji hampi mara moja. Atasema bado, kaa kidogo, kunywa hiki kwanza. Mgeni atakaa. Ataomba tena. Mwishowe atapewa, na hapo ndipo anainuka. Kumpa njia mtu alipoomba mara ya kwanza ni kumfukuza, na kwenda bila kuomba ni ugomvi.

Nikamwambia mashine haina moyo wa kuumia. Akakubali, akatumia `break` kwenye mtihani, akafaulu vizuri. Nilidhani suala limekwisha.

Muhula uliofuata kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kitu cha kutumika nyumbani. Goreth alisema atamtengenezea mama yake sauti. Mama yake, bibi yake Divine, alikuwa akiishi nao, na kumbukumbu zake zilikuwa zinamponyoka. Asubuhi Goreth akienda kazini, mumewe, Baba Divine, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya ghala, analala chumba cha pili. Bibi alikuwa akigonga mlango wa mkwewe kila mara kumuuliza Goreth yuko wapi. Anajibiwa, anakaa, anasahau, anagonga. Baba Divine alikuwa anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kazini na hakuwa amelala sawasawa tangu siku nyingi. Asipojibiwa, bibi alikuwa anavaa kitenge na kutoka nje kumtafuta mwanawe. Dada wa ofisi ya huduma za wazee alikuwa ameshakuja kuandika hali yake. Alisema kwa upole kwamba kama mambo yataendelea hivi, itabidi bibi atafutiwe nafasi kwenye nyumba ya wazee.

"Mimi nafanya kazi huko, Mwalimu," Goreth akaniambia. "Nawapenda wale wazee. Lakini najua mtu asiyekuwa na lugha anakaaje mule. Anatazama ukuta. Mama atauliza swali lake kwa Kirundi, na hakuna atakayemjibu mpaka afe."

Akaleta kompyuta kuukuu. Akafunika kibodi kwa kipande cha boksi chenye tundu moja tu, juu ya Enter, na Enter akaipaka rangi nyekundu ya kucha. Bibi akitaka kumwita mwanawe anabonyeza nyekundu, na sauti ya Goreth, aliyoirekodi kwa simu, inajibu: niko hapa, Mama. Au: chai iko kwenye chupa, Mama. Au: mkweo amelala, tumwache kidogo. `while True`, kisha subiri kitufe, kisha cheza sauti inayofuata, rudi juu. Divine akirudi shule, zamu ya kukaa na bibi inakuwa yake, anainua boksi, anaandika z, na `break`. Ilikuwa programu fupi na nzuri. Niliisahihisha mwenyewe, nikaipa alama zote.

Nilikwenda kuiona ikifanya kazi. Bibi alikuwa mwembamba, ameketi wima, kitambaa cheupe kichwani. Akabonyeza nyekundu, akauliza kama Goreth yupo. Nipo, Mama. Akatikisa kichwa, akatazama dirishani, uso ukaanza kupotea tena, mkono ukatambaa kwenye meza, akabonyeza. Niko hapa, Mama. Aliuliza tena na tena, na mara zote alijibiwa kwa sauti ile ile isiyochoka, isiyokunja uso. Chumba cha pili Baba Divine alikuwa anakoroma. Nikafikiri: hakuna mwanadamu, hata awe malaika kiasi gani, anayeweza kujibu namna hii. Kile kitu kilichonitoa machozi siku yangu ya kwanza kwa Colin, kule kutochoka, kilikuwa kimepata kazi iliyokistahili. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyetoka kanisani.

Haukupita muda mrefu, bibi akapotea.

Alikutwa kwenye kituo cha treni cha Rooty Hill, ameufuata uzio wa reli kwa miguu, ndala moja haipo. Mama mmoja aliyekuwa anangoja treni alimpa maji na kuwaita askari. Yule dada wa ofisi alirudi, na safari hii upole wake ulikuwa na kikomo: likitokea tena, hawatakuwa na hiari.

Jumamosi Goreth alikuja darasani akiwa na ile kompyuta, macho mekundu. Akasema code haina kosa, ameipitia yote. Tukaiweka mezani, mimi, yeye na Papa Bahati, tukatoa vikombe. Tukazunguka kwa mkono mpaka tulipofika pale Divine alipoinua boksi na kuandika z. `break`. Hakuna kosa. Programu ilifanya tulichoiambia.

"Sasa baada ya hapo ikawaje?" nikauliza.

"Divine alienda room yake, na earphones. Mama akabonyeza nyekundu. Kimya. Akabonyeza, kimya. Ndiyo akatoka."

"Na mlipompata, alisema nini?"

Goreth alisukuma kikombe kando. "Alisema, namtafuta Goreth. Alikuwa anazungumza na mimi hapa vizuri, kisha ameenda bila kuomba njia. Nataka nimuulize nimemkosea nini."

Papa Bahati aliangalia chini. Yule mwanamke alikuwa amesahau mwaka, amesahau nchi, siku nyingine hata jina la mjukuu. Hili hakulisahau. Lilikuwa limekaa chini kabisa mahali ambapo ugonjwa haukufika, na kipande cha code chenye mistari michache kilikuwa kimekanyaga hapo.

Tukaanza kuandika upya mlango. Goreth akarekodi sauti mpya: Mama, siku imekwenda, nipe njia. Akaiweka kabla ya `break`. Papa Bahati akaisoma, akatikisa kichwa.

"Mama Divine, umeomba, lakini haukungojea jibu. Hiyo ni kuaga ya polisi."

Kweli. Mashine ilikuwa inaomba na kuondoka kwa pumzi moja. Basi Goreth akafanya hivi: Divine akiandika z, sauti inaomba njia, kisha programu inangoja. Divine anamsikiliza bibi. Bibi akisema bado, Divine anaandika b, na `continue` inairudisha mashine juu, inacheza nakaa, Mama, inangoja nyekundu kama kawaida, na baada ya mazungumzo kidogo inaomba tena. Bibi akitoa njia, Divine anaandika n. Hapo tu ndipo `break`.

Nikamwuliza kuhusu mwisho. Mkumbuke nilifundishwa mlango kwanza. Nikamwambia, bibi ni mtu anayesahau. Anaweza kukataa, akasahau kwamba ameombwa, akakataa tena, mpaka mtoto azeekee mezani. Weka kikomo. Akikataa mara kadhaa, itoke yenyewe.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kama itaenda hata akikataa, basi haikuomba."

Kitabuni mzunguko usio na kikomo, unaotegemea mtu mmoja tu aamue kuuacha, na mtu mwenyewe mgonjwa wa kumbukumbu, ni kosa, na ningemkata alama mwanafunzi yeyote. Lakini nikamwacha aiandike kama alivyotaka.

Wikendi hiyo hiyo mchana tulikwenda kuijaribu. Baba Divine alikuwa macho, amesimama karibu na mlango wa nje, funguo mfukoni. Goreth alijificha jikoni ili asionekane. Mimi niliketi kwenye kochi nikijifanya mgeni. Bibi alizungumza na mwanawe kwa kitambo, nyekundu baada ya nyekundu, akiuliza, akijibiwa. Kisha Divine akavuta kiti, akainua boksi, akaandika z.

Mama, siku imekwenda. Nipe njia.

Bibi aligeuza kichwa haraka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, macho yake yalikuja yote mahali pamoja.

"Bado," akasema kwa Kirundi, na Kiha changu kikanitosha kuelewa. "Hujala kitu."

Divine akaandika b. Nakaa, Mama. Bibi akaridhika, akaelekea dirishani. Akabonyeza nyekundu, akajibiwa. Akabonyeza tena. Kisha ombi likarudi.

"Na jua hili? Kaa kidogo."

Divine akaandika b. Mazungumzo yakaendelea, ombi likaja, akakataa. Sababu ilikuwa nyingine: viatu, ati havijakauka. Likaja tena, akakataa. Divine alinitazama.

"She's never gonna say yes," akanong'ona, akiogopa kwamba bibi hatakubali na mashine haitakoma. "What if it just keeps going?"

"Msikilize tu," nikamwambia. Nilimwona Baba Divine anakunja na kukunjua vidole karibu na kitasa. Kutoka jikoni hapakusikika hata kijiko. Nilifikiria Control na C. Nilifikiria ile nyumba ya wazee na ukuta wake.

Ombi likaja. Mama, siku imekwenda. Nipe njia.

Bibi aliiegemea meza. Aliinua mkono, akaupitisha juu ya kompyuta taratibu, kama anayemfuta mtoto vumbi kichwani kabla hajatoka, akauacha hapo.

"Genda amahoro," akasema. Nenda kwa amani. "Uwasalimie ulikotoka. Umekaa vizuri."

Divine akaandika n. Ubaki na amani, Mama, ikasema sauti, na programu ikatoka. Kioo kikawa cheusi.

Mkono wa bibi ulirudi mezani, ukatafuta nyekundu, ukaigusa bila kuibonyeza, ukajiondoa. Akashika mikono ya kiti. Baba Divine akasogea nusu hatua kwenye mlango. Bibi akajiinua kidogo, akavuta kitenge chake kikae sawa magotini, akaegemea nyuma, akapumua kwa muda mrefu kama mwenyeji aliyemaliza kazi yake.

Goreth alitoka jikoni, machozi yanamtiririka, akapiga magoti mbele ya kiti. Mama yake alimtazama kwa upole wa mtu anayemtazama jirani mwema. Hakumtambua. Akanyoosha kidole kwenye kioo cheusi.

"Yule binti aliyeondoka sasa hivi," akasema, "ni wa nani? Amelelewa."

"Ni wako, Mama," Goreth akajibu. "Ni wako."